Somo linaloenea kwenye simu ya Kagunga

Kagunga ni kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Wengi wanaokwenda huko hupanda boti. Mfikirie mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeishi kule, WAJA kama tulivyozoea kusema. Ana simu janja ya bei ya chini, memori imejaa picha za harusi na nyimbo za kwaya, na bando ananunua la siku, tena siku akipata hela. Jioni mama anabisha hodi akiwa na mtoto mgongoni: "Anahema sana tangu jana." Mafunzo yote tunayotengeneza yanapimwa hapo mlangoni.

Wengi wetu tunaotengeneza mafunzo ya mtandaoni huanza mbali mno na mlango huo. Tunachukua mwongozo mnene, tunaukata vipande, tunavipandisha mtandaoni, tunaweka maswali ya kweli au si kweli mwishoni, cheti kinatoka. Mimi nashikilia kwamba somo moja libebe uamuzi mmoja ambao mhudumu ataufanya akiwa mbele ya mtu, na kila kilichomo, tangu picha ya kwanza hadi uzito wa faili, kipimwe kwa uamuzi huo.

Jambo hili lina haraka yake. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kufikia wahudumu zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Mafunzo ya awali yanafanyika darasani na vituoni, na ndivyo inavyofaa. Mzigo wa mtandao ni yale yanayofuata: kukumbusha, kunoa, na kuleta jipya pale ambapo mkufunzi hafiki kwa urahisi, kuanzia Kagunga hadi Kalya, Nguruka na vijiji vya ndani vya Uvinza.

Kabla ya kufungua programu yoyote, kaa nusu siku na mganga mfawidhi wa zahanati, fomu za rufaa za miezi mitatu zikiwa mezani. Uliza mawili: ni wagonjwa gani walifika wamechelewa, na ni wepi walitumwa bila sababu. Kila jibu liandike kwa sentensi moja: "Mhudumu anaamua kama…, akikosea kinatokea…" Kwa kozi ya magonjwa ya watoto walio chini ya miaka mitano utapata sentensi 20 hadi 24, na hayo ndiyo masomo yako. Mada isiyoweza kuandikwa kwa sentensi hiyo, kama muundo wa mapafu au historia ya chanjo, iweke pembeni hata kama mtaalamu wa mada anaipenda.

Nichukue somo moja na kulifungua lote, maana ukiweza kulitengeneza hili mengine yatakuwa mepesi. Ni somo la kuhesabu pumzi.

Vipimo vyenyewe vinajulikana. Mtoto chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni haraka. Miezi 2 hadi kabla ya kutimiza 12, ni 50 au zaidi. Miezi 12 hadi miaka 5, ni 40 au zaidi. Kuviandika kwenye kioo cha simu kunachukua sekunde kumi, na mtu anaweza kuvikariri vyote akafaulu mtihani, kisha akashindwa mlangoni. Ugumu uko kwenye macho na mikono.

Makosa ni yale yale. Mtu anahesabu nusu dakika kisha anazidisha kwa mbili; mtoto hapumui kwa mwendo mmoja, na kosa la pumzi mbili linageuka nne. Mwingine anahesabu kuvuta na kutoa kama pumzi mbili. Mwingine anahesabu mtoto akiwa analia au ananyonya. Huku juu Kalinzi, ambako asubuhi kuna baridi, mtoto amefungwa nguo tatu na mhudumu anahesabu mtikisiko wa blanketi. Na lipo kosa ambalo watengenezaji ndio tunalisababisha: tunamwambia aangalie saa ya simu huku akiangalia kifua. Macho hayawezi kuwa mahali pawili. Weka ndani ya programu kitufe kimoja kikubwa. Akikibonyeza, simu inakaa kimya sekunde 60 kisha inalia. Kazi yake inabaki kutazama tumbo na kifua tu.

Somo hili linastahili video, na karibu ni hili peke yake pamoja na yale ya kifua kubonyea ndani wakati mtoto anavuta pumzi, na namna ya kumweka mtoto kwenye titi. Mengine yote yanatosha kwa sauti na picha. Kanuni ninayoitumia: pale ambapo jicho ndilo linalofundishwa, weka video, pale ambapo ni kukumbuka au kusema, video ni kuunguza bando la mtu.

Video ya pumzi iwe sekunde 60 kamili, bila muziki, bila mtu kuzungumza juu yake, kamera imesimama juu ya kitu imara, kifua na tumbo vimejaa fremu, sura ya mtoto haionekani. Mzazi atoe ridhaa ya maandishi baada ya kuonyeshwa picha itakavyokuwa. Tengeneza sita: mbili kwa kila kundi la umri, na katika kila jozi moja iwe karibu na mpaka. Kabla ya kuitumia, watu watatu wenye uzoefu waihesabu kila mmoja peke yake bila kuambizana. Wakipishana zaidi ya pumzi mbili, video hiyo haifai hata kama ni nzuri machoni.

Hapa kuna mtego wa kiufundi unaowakuta hata wazoefu. Unapoibana video ili iwe nyepesi, programu ya kubana hutafuta vitu vinavyosogea kidogo na kuvilainisha. Kifua cha mtoto ndicho hicho kinachosogea kidogo. Ukiibana kupita kiasi, pumzi nyingine hazionekani vizuri na mwanafunzi anaweza kuhesabu 41 mahali penye 47. Bakiza fremu 25 kwa sekunde, punguza ukubwa wa picha hadi mistari 360, na mgao wa kilobiti 400 kwa sekunde. Dakika moja inakuja kama megabaiti 3. Kisha wale watu watatu wahesabu tena kwenye simu ndogo, kwa toleo lililobanwa. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa.

Maswali ya somo hili yanajitengeneza yenyewe. Onyesha video, mwanafunzi aandike namba aliyopata. Akiwa ndani ya pumzi tatu za jibu, amepata. Halafu mpe jozi: mtoto wa miezi 11 anapumua mara 44, na mtoto wa miezi 13 anapumua mara 44. Wa kwanza yuko ndani ya kawaida, wa pili anapumua haraka. Anayekosa hapo amesahau mpaka wa umri, na simu imrudishe kwenye ukurasa huo mmoja tu, isimrudishe mwanzo wa somo. Mwisho kabisa aulizwe atamfanyia nini yule wa miezi 13, na jibu lifuate mwongozo wa halmashauri yake kuhusu anachoruhusiwa kutoa na anachopaswa kupeleka zahanati. Dalili za hatari hazina mjadala popote: mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea sana au kupoteza fahamu, anakwenda kituoni sasa hivi.

Kuhara kunafundisha jambo tofauti, kwa sababu kosa liko jikoni. Maji ya kuongezea mwilini yanayotengenezwa nyumbani pale pakiti ya ORS isipokuwepo ni lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa juu. Sentensi hiyo ina mitego minne. Nyumba nyingi zina kijiko cha chakula, cha chai hakuna. Chupa ya maji inayookotwa mara nyingi ni ya lita moja na nusu, na mama anaihesabu kuwa lita. Chumvi ya chengachenga, ya aina inayouzwa sana ukanda huu wenye chumvi ya Uvinza, haijai kijiko sawa na chumvi ya unga. Na mtu aliyechoka usiku anaweza kugeuza: sita za chumvi. Hilo la mwisho ni la hatari kweli kweli, kwa hiyo somo lirudie sukari na chumvi kwa picha mbili zisizofanana hata kidogo, na mhudumu afundishwe kumwambia mama aonje kwanza: yasizidi chumvi ya machozi. Hata pakiti yenyewe isomwe. Nyingine ni za lita moja, nyingine za nusu lita.

Zinki ni kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa mtoto wa miezi 6 na kuendelea, nusu yake kwa aliye chini ya hapo, siku 10 hadi 14. Kila mhudumu anajua hivyo. Kinachoharibika ni kwamba kuhara kunakoma siku ya tatu, na vidonge vinawekwa juu ya kabati. Somo refu halitibu tatizo hili. Linalosaidia ni ujumbe mfupi kwa mhudumu siku ya nne: rudi kwenye ile kaya, hesabu vidonge vilivyobaki.

Ujumbe mfupi una hesabu zake. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160 kama herufi zote ni za kawaida. Ikiingia alama moja tu isiyo ya kawaida, nafasi inashuka hadi herufi 70, na ujumbe uliodhani ni mmoja unakuwa mitatu, nawe unalipia mitatu. Kiswahili kwa bahati nzuri hakina herufi zenye vikorombwezo, ila kina king'ong'o. Ukiandika "kung'atwa na mbu" kwenye programu ya kuandikia nyaraka, ile alama ya juu inapindwa kuwa mkia, na mkia huo unaigharimu kampeni nzima. Andika ujumbe wako kwenye programu sahili isiyopamba maandishi, na kabla ya kutuma tafuta kila ng' uhakikishe alama yake imenyooka. Angalia na saa. Aliyeandika ratiba kaandika "tuma saa 2 asubuhi", mtaalamu wa mfumo kaingiza 02:00, na wahudumu 300 wanaamshwa usiku wa manane. Ratiba iandikwe kwa saa za mfumo, 08:00, na jina la kipindi pembeni.

Ratiba ina jambo jingine la hapa kwetu. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ndiyo mapumziko yao. Mhudumu akipewa zoezi la kuzungumza na akina baba wa mwaloni, yaani ufukweni wanakoshusha dagaa, likipangwa kwa wiki za ofisini litaangukia siku ambazo wamelala mchana. Zoezi la aina hiyo lipangwe kwa kalenda ya mwezi. Ni jambo dogo kwa mtengenezaji, na ndilo linaloamua kama zoezi litafanyika.

Sauti ndiyo uti wa mgongo wa kozi. Dakika moja ya sauti ya mtu mmoja, kwa kilobiti 24 kwa sekunde, ni kilobaiti 180. Somo la dakika sita ni kama megabaiti 1.1, ongeza picha sita za kilobaiti 60 kila moja, unafika megabaiti 1.5. Masomo 24 yanakuwa megabaiti 36, na video zile sita zinaongeza 18. Kozi nzima, ukiacha video za kifua kubonyea na za titi, ni megabaiti 54, inapakuliwa mara moja mhudumu akiwa mjini, na haihitaji mtandao tena. Linganisha na video ya ubora wa juu, ambayo dakika moja tu huzidi megabaiti 10. Usiweke faili la PDF la ukubwa wa karatasi ya A4. Kwenye kioo cha inchi tano msomaji anavuta kushoto na kulia mpaka anaacha.

Andika maneno ya sauti kwa mdomo kwanza. Maneno ya Kiswahili ni marefu, hivyo kwa mwendo unaofuatika hesabu kama 100 hadi 110 kwa dakika. Somo la dakika sita haliwezi kuzidi maneno 650. Rekodi chumba chenye magodoro na nguo, feni imezimwa, na usirekodi mvua ikinyesha juu ya bati.

Kuhusu lugha nina msimamo usioyumba. Mhudumu wa Kasulu, Buhigwe au Kibondo anaandika ripoti kwa Kiswahili, lakini anapoongea na bibi wa mtoto anaongea Kiha. Somo likimfundisha Kiswahili cha mwongozo peke yake, tafsiri tunamwachia yeye, peke yake, mlangoni, kila siku. Basi kila somo liwe na sehemu ya dakika moja kwa Kiha: yale maneno halisi ya kumwambia mama. Iwe ya kusikiliza, kwa kuwa wengi wanaokizungumza vizuri hawajazoea kukisoma. Kuikagua kuna njia moja rahisi. Mpe mtu ambaye hajaona maandishi ya Kiswahili asikilize, akueleze kwa Kiswahili alichosikia. Kama maelezo yake yanakosa kipimo au siku, rekodi upya.

Lugha hubeba imani pia. Degedege katika sehemu nyingi za nchi limehusishwa na mashetani, ndiyo maana mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji. Mtoto akikonda, watu husema wazazi "wamembemenda", yaani wamemdhoofisha kwa kuvunja mwiko wa tendo la ndoa, na mama anaficha mtoto kwa aibu badala ya kumleta apimwe mkono. Somo la utapiamlo likianza na sentimita za mzunguko wa mkono, kwamba chini ya 11.5 ni nyekundu na kuanzia hapo hadi kabla ya 12.5 ni njano, bila kumpa mhudumu sentensi ya kumwondolea mama aibu, utepe utabaki mfukoni. Sentensi hiyo iwe ya kwanza, sentimita zifuate.

Kwa upande wa mitambo, Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, pamoja na programu yake ya simu inatosha. Inaruhusu kupakua somo, kujibu maswali bila mtandao na kutuma majibu baadaye. Tatizo kubwa ni kuingia. Watu wanasahau nywila, wanabadili laini, wanatumia simu moja na mwenza. Jina la kuingilia liwe namba ya utumishi au namba nyingine isiyobadilika, wala si namba ya simu, na mtu wa zahanati awe na uwezo wa kuweka nywila mpya bila kupiga simu Dodoma.

Pale mtandao usipofika, kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi inaweza kukaa kituo cha afya, ikarusha Wi-Fi ya ndani, na wahudumu wakapakua masomo siku ya kikao cha mwezi. Inaharibika kwa njia mbili zinazotabirika. Umeme ukikatika ghafla, kadi ya memori huharibika. Weka betri katikati, na nakala ya kadi nzima iliyo tayari ndani ya bahasha. La pili ni saa: Raspberry Pi 4 haina saa inayoendelea kutembea ikizimwa. Ikiwashwa bila intaneti inadhani ni tarehe ya zamani, majibu ya mitihani yanaandikwa ya mwezi uliopita, na wengine hawawezi kuingia kabisa. Kifaa kidogo cha saa chenye betri ya kitufe kinaondoa taabu hiyo.

Alama za mtihani zisome kwa uangalifu. Swali ambalo karibu wote wanalipata kabla ya kusoma, lifute. Swali ambalo wazuri wanalikosa kuliko wanyonge, kagua jibu uliloliweka. Mara nyingi wewe ndiye uliyekosea. Rudia maswali yale yale kwa sura tofauti baada ya siku 3, 7 na 21. Lakini cheti kisitoke kwa alama za simu peke yake. Mganga mfawidhi amwone mhudumu akihesabu pumzi za watoto watatu, naye akihesabu pembeni.

Kundi la WhatsApp litakuwepo, upende usipende. Weka sharti moja tangu siku ya kwanza: hakuna picha wala jina la mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu hata simu ya mhudumu, na mtu aliyepigwa picha akiwa na vidonda habebi aibu hiyo kwa siku moja.

Kisha zipo dharura. Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijaa Kagunga, kipindupindu kikalipuka, na meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kwenda Kigoma. Jirani zetu wa Kagera walipata Marburg mwaka 2023 na tena 2025, na mpox ilienea Burundi mwaka 2024. Mkoa wenye mpaka wa ziwa na nchi mbili hauwezi kusubiri wiki sita za kutengeneza kozi. Andaa kiunzi mapema: sauti ya dakika mbili yenye nafasi tano za kujaza, yaani dalili, unavyoenea, la kufanya leo, lisilofanywa, na namba ya kupiga. Msemaji, picha za kunawa mikono na sehemu ya Kiha ya kutuliza watu viwe tayari. Ugonjwa ukitangazwa asubuhi, mtaalamu anajaza, kamati ya halmashauri inapitisha, jioni limetoka.

Masomo haya hayabaki ulipoyaweka. Wahudumu wanarushiana kwa Bluetooth na kadi za memori, na hilo ni jema. Mwongozo ukibadilika lakini, faili la zamani litaendelea kuzunguka mwambao mzima miaka miwili baada ya wewe kulifuta kwenye seva. Jina la faili halisaidii, simu nyingi hulikata. Tarehe iwe kwenye sauti yenyewe, sekunde tano za mwanzo: "Hili ni somo la kuhesabu pumzi, toleo la Machi 2025." Na kila ujumbe mfupi unaotangaza toleo jipya utaje lile la kufutwa kwa mwezi wake, ili aliye Kalya akifungua simu na kusikia mwezi huo ajue afute lipi.